Frimasoni: ngazi ya majimbo na wilaya ilizaliwaje, hadi ikafika Nairobi?

Mchunguzi wa Kale

Wakuu, habari za jioni. Naomba mapema tusiugeuze uzi huu kuwa wa majini, damu na utajiri wa ghafla. Nyuzi za hivyo zimejaa, kila mtu achague wake. Hapa nataka muundo wa uongozi tu, kama vile mtu angeuliza chama cha ushirika kilipataje ofisi za mikoa.

Najua kuna Loji Kuu ya England pale London, na kuna loji za kawaida ambako wanachama hukutana. Kinachonisumbua ni ngazi ya katikati. Ilianza lini, na ilianzishwa kutatua tatizo gani? Kwa nini ndani ya England wanaiita jimbo, lakini ng'ambo, ikiwemo huku kwetu, wanaiita wilaya? Na huyo mkuu wa Afrika Mashariki anateuliwa na nani, anaweza kufanya nini bila kuuliza London?

Kingine: katika kumbukumbu nimekuta loji moja ina namba nne tofauti, na jimbo moja lina tarehe mbili za kuanzishwa zilizopishana miaka mingi. Nani kakosea?

---

Makavazi

Mkuu, swali zuri. Nianze na jambo ambalo wengi hulikosa: ngazi ya katikati haikuanza kama ofisi. Ilianza kama mtu mwenye karatasi mfukoni.

Loji nne za London ziliungana, kwa mapokeo yao wenyewe, tarehe 24 Juni 1717 katika kilabu cha pombe kilichoitwa Goose and Gridiron, karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo. Wakamchagua Anthony Sayer kuwa Mkuu. Wakati huo hawakudai kutawala nchi. Upeo wao ulikuwa London na Westminster, yaani eneo ambalo mtu anaweza kwenda kwa miguu jioni na kurudi usiku uleule. Kwa ukubwa huo hauhitaji mkuu wa mkoa. Mkuu akitaka kujua loji fulani inafanya nini, anaenda.

Tatizo likaja loji za nje ya London zilipoanza kuomba kutambuliwa. Chester, mji wa kaunti ya Cheshire, iko mbali, siku kadhaa kwa gari la farasi. Nani atahakikisha kwamba waombaji ni watu wa kweli, mkutano unaendeshwa inavyotakiwa, na mchango wa mfuko wa misaada unafika? Jibu likawa kumteua mtu wa hukohuko, mwenye heshima yake, apewe hati ya uteuzi na Mkuu wa London. Ndivyo Kanali Francis Columbine anavyoonekana mwaka 1725 akiwa mkuu wa jimbo la Cheshire, na ndiyo maana Cheshire hujihesabu jimbo la kwanza. Wales ikafuata mwaka 1727. Kabla muongo ule haujaisha, hati za namna hiyo zilikuwa zimeshavuka bahari hadi Bengal, India. Mwaka 1730 Daniel Coxe akapewa New York, New Jersey na Pennsylvania kwa pamoja. Mwaka 1733 Henry Price akapewa New England, na ndani ya miezi michache Boston ikawa na loji.

Angalia mpangilio huo. Bengal ilipata mkuu wake kabla ya kaunti nyingi za England yenyewe. Kwa nini? Kwa sababu kilichosukuma jambo hili ni umbali, wala si wingi wa wanachama. Barua kutoka London kwenda Calcutta kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ilichukua nusu mwaka au zaidi, na jibu nusu mwaka mwingine. Ukisubiri kibali cha London, nusu ya waombaji wameshahamishwa au wamekufa kwa homa. Aliyeko pale lazima awe na uwezo wa kufungua loji kwanza na kuandika taarifa baadaye.

Mtu huyo hakuwa na ofisi, katibu, masjala wala bajeti. Akiwa mchapakazi jimbo linakwenda, akiwa mvivu jimbo linabaki jina. Thomas Dunckerley, aliyeanza na Hampshire mwaka 1767, alikuwa mchapakazi kupita kiasi. Hadi alipofariki mwaka 1795 alikuwa amekabidhiwa majimbo kadhaa kwa wakati mmoja, kusini na magharibi ya England, akiyazungukia na kuandika barua bila kuchoka. Wengine walikuwa mabwana wakubwa waliopewa cheo kama mtu anavyopewa kilemba. Hati ilitundikwa ukutani na mkutano wa jimbo haukuitishwa hata mara moja.

---

Kipanga wa Ngamiani

Nakazia, ila nikusahihishe kidogo kuhusu 1717. Kitabu cha kumbukumbu za mikutano ya Loji Kuu kinaanza Juni 1723. Habari kamili ya 1717 inatokana na toleo la pili la Katiba ya James Anderson, kitabu cha kanuni na historia ya udugu huo, la mwaka 1738, yaani miaka 21 baada ya tukio. Wapo wanahistoria wanaosema Loji Kuu ilianza kufanya kazi kweli mwaka 1721. Kwa swali la mleta mada haibadilishi kitu, kwa sababu majimbo yanakuja baada ya hapo, lakini anayeandika kazi ya chuo aandike "kwa mapokeo" ili msimamizi asimrudishie ukurasa.

---

Sindano Moja

Tahadhari ya lugha kabla watu hawajachanganyikiwa. Mkisema "mkuu wa wilaya" hapa, msomaji wa Bongo anamuona DC na msafara wake wa V8. Huyu hana hata mgambo. Endeleeni wakuu, nimekaa.

---

Bint Shamte

Makavazi amesema vizuri kwamba hati ilikuwa ya mtu. Sasa tuone inakuwaje mtu huyo akifa, maana hapo ndipo udhaifu wa mpango ulipoonekana.

Loji Kuu ya Uskoti nayo iliteua wakuu wake. Mwaka 1769 ilimteua daktari mmoja wa Boston, Joseph Warren, awe mkuu wa Boston na eneo la maili 100 kuizunguka. Ndiyo, waliandika maili, kama leseni ya mgodi. Mwaka 1773 wakampanulia hadi bara zima la Amerika. Tarehe 17 Juni 1775 Warren akauawa kwenye vita vya Bunker Hill, akipigana upande wa wakoloni walioasi.

Likazuka swali la kisheria, na lilikuwa zito: mamlaka ya jimbo yaliandikwa kwa jina la Warren, naye hayupo. Je, jimbo lipo? Waliosoma hati kwa makini wakasema halipo, limekufa pamoja naye. Kumwomba mteule mpya kutoka Edinburgh katikati ya vita dhidi ya Uingereza hakukuwezekana, wala wengi hawakutaka. Kwa hiyo tarehe 8 Machi 1777 wakafanya jambo ambalo hati haikuruhusu: wakamchagua wenyewe Joseph Webb. Jimbo linapomchagua mkuu wake badala ya kuteuliwa, si jimbo tena, ni Loji Kuu inayojitegemea. Mwaka 1792 wakaungana na wale waliotokana na mstari wa Henry Price, na ndiyo Loji Kuu ya Massachusetts ya leo. Koloni zilizobaki zilifuata njia zao, matokeo yakawa yaleyale: Marekani hadi leo haina Loji Kuu ya taifa, kila jimbo la nchi lina yake. Chini yake Mkuu huteua manaibu wa wilaya, kila mmoja akikagua loji chache na kuandika taarifa ya mwaka. Naibu huyo ni mkaguzi, hana baraza lake wala vyeo vya kugawa. Hapo ndipo mfumo wa Marekani unapotofautiana sana na wa England.

Boston hiyohiyo kuna funzo la aina nyingine. Prince Hall na wenzake, watu weusi huru, walikataliwa na ndugu wazungu wa jimbo lao, wakaomba London moja kwa moja. Hati ya African Lodge namba 459 iliandikwa tarehe 29 Septemba 1784 lakini ilifika mikononi mwao Aprili 1787. Walituma michango ya mfuko wa misaada na barua kupitia manahodha wa meli, na barua nyingine hazikujibiwa. Hawakuwa na mkuu wa jimbo wa kuwasemea. Loji kuu mbili za England zilipoungana mwaka 1813 na kutengeneza daftari jipya, African Lodge haikuandikwa, pamoja na loji nyingine za ng'ambo zilizokuwa kimya kwa muda mrefu. Mwaka 1827 wakatangaza kujitegemea. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi bora wa kazi ya ngazi ya katikati: loji isiyo na mtu wa kuitetea London ilipotea kwenye karatasi ingawa wanachama wake walikuwa hai wanakutana.

---

Mchunguzi wa Kale

Bint Shamte, umenikata kiu. Lakini hiyo ni ng'ambo, ambako kisingizio cha umbali kipo. Ndani ya England kwenyewe hawakuwahi kugombana na wakuu wao wa majimbo?

---

Makavazi

Waligombana hadi wakavunjana. Tafuta habari za Lancashire.

Mkuu wa jimbo la Lancashire tangu mwanzo wa karne ya 19 alikuwa Francis Dukinfield Astley. Jimbo lilikuwa kubwa, na miji yake miwili, Manchester na Liverpool, ilikuwa inafura kwa viwanda na bandari. Loji zikaongezeka. Wakati huohuo muungano wa 1813 ulikuwa umelazimisha makundi mawili yaliyokuwa mahasimu yakae chini ya mkuu mmoja. Kundi moja, lile la "Wakale" lililoanza mwaka 1751, halikuwa na mazoea ya kutawaliwa na wakuu wa majimbo ndani ya England. Loji zao ziliandikiana na London moja kwa moja. Ghafla wakaambiwa kila kitu kipitie kwa bwana mmoja ambaye hawamuoni.

Liverpool wakalalamika: mkuu haji, mikutano ya jimbo haifanyiki inavyopasa, maamuzi yanatolewa bila wao. Kiongozi wao alikuwa Michael Alexander Gage, mpima ardhi, yule aliyechora ramani kubwa ya Liverpool ya mwaka 1836. Wakamwandikia Mkuu wa Loji Kuu, Duke wa Sussex. Hapa ndipo muundo ulipojifunga wenyewe kamba. Kwa utaratibu, malalamiko yanapita kwa mkuu wa jimbo. Mlalamikiwa ndiye mkuu wa jimbo. Wakiruka ngazi wanaonekana waasi, wakifuata ngazi barua inaishia mezani kwa mtuhumiwa. Sussex hakuwapa majibu waliyoyataka, wakasimamishwa, baadhi wakafukuzwa, na mwaka 1823 wakatangaza Loji Kuu yao wenyewe. Makao yakahamia Wigan, na ndilo jina linalokumbukwa: Loji Kuu ya Wigan. Loji yake ya mwisho ilirudi kundini mwaka 1913. Miaka 90, kwa sababu ya mkuu wa jimbo asiyeitisha vikao!

Astley alifariki mwaka 1825. Hakurithiwa na mtu mmoja. Lancashire ikakatwa vipande viwili, Mashariki na Magharibi, na mgawanyo huo upo mpaka leo.

Sheria za baada ya muungano zilianza kuziba matundu haya. Mkuu wa jimbo lazima aitishe mkutano wa jimbo angalau mara moja kwa mwaka. Awe na naibu. Awe na katibu na daftari. Cheo kikiwa wazi, jimbo halifi kama lile la Warren. Lilikuwa linawekwa chini ya msajili wa Loji Kuu hadi apatikane mwingine. Hapo sasa ndipo karatasi ya mtu ilipogeuka ofisi. Bado anateuliwa na London, hapigiwi kura. Kwa kawaida anayepigiwa kura kila mwaka kwenye ngazi ya jimbo ni mweka hazina. Wengine wote, kuanzia naibu hadi mlinzi wa mlango, anawateua yeye.

---

Kipanga wa Ngamiani

Nijibu hili la jimbo na wilaya, na la Nairobi.

Mpaka katikati ya karne ya 19 zote ziliitwa majimbo, ziwe Kent ya England au Madras ya India. Kilichowaamsha London ni Kanada. Loji za kule zilikuwa na malalamiko ya kiofisi kabisa: vyeti vya wanachama vinachelewa, barua hazijibiwi, ada zinakwenda London na huduma hairudi. Tarehe 10 Oktoba 1855 wajumbe wa loji 41 wakakutana Hamilton na kuunda Loji Kuu ya Kanada, William Mercer Wilson akiwa Mkuu. Mkuu wa jimbo aliyeteuliwa na London, Sir Allan MacNab, alibaki mtiifu kwa muda, lakini mwaka 1857 naye na watu wake wakajitoa, na mwaka 1858 pande mbili zikaungana. London ikapoteza loji nyingi kwa uzembe wa masjala. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia cheti wizarani anawaelewa Wakanada.

Mwaka 1866 ndipo majimbo ya ng'ambo yalipoitwa wilaya, ili yasichanganywe na yale ya England na Wales. Jina lilibadilika, na kwa vitendo wakuu wa wilaya walipewa nafasi zaidi ya kuamua wenyewe, kwa sababu hawawezi kukimbilia London kila Jumatano. Panapokuwa na loji chache mno za kujaza wilaya, zinawekwa chini ya mkaguzi tu, bila baraza.

Wilaya ya Afrika Mashariki chini ya England inazikusanya loji za Kenya, Uganda na Tanzania. Loji Harmony ya Nairobi, namba 3084, ni ya mwanzoni mwa karne ya 20, wakati reli imeshafika. Jengo lao la barabara ya Nyerere, Nairobi, ni la miaka ya 1930. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Mkuu wa Loji Kuu London kwa hati, na si lazima akae Nairobi: Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 2017 na ambaye hakuwahi kuficha uanachama wake, alishika cheo hicho kwa miaka mingi. Angalia pia kwamba loji za Kiskoti zipo mjini humohumo na zina uongozi wao unaoripoti Edinburgh. Jengo moja linaweza kuwa na loji za mamlaka mbili zinazokutana siku tofauti. Usipolijua hilo utaandika kwamba kuna wakuu wawili wanaogombea kiti kimoja, kumbe kila mmoja ana chake.

Mamlaka yake sasa. Mwanachama au loji ikifanya kosa, mkuu wa wilaya anaweza kuonya na kusimamisha. Hawezi kumfukuza mtu moja kwa moja kutoka udugu wala kuifuta loji. Hilo ni la Loji Kuu peke yake. Kanuni za ndani za kila loji zinapita kwake zikaguliwe. Loji mpya: waanzilishi wasiopungua saba wanasaini ombi, loji iliyopo inawadhamini, ombi linakwenda kwa mkuu wa wilaya. Yeye anaandika anapendekeza au hapendekezi na kwa nini, kisha Mkuu wa London anatoa au ananyima kibali. Ombi hukwama hasa hapo kwake, kwa sababu moja ya kawaida: waanzilishi wengi ni walewale wa loji jirani, na akiwaruhusu loji ya zamani itabaki na viti vitupu.

Ada ni za ngazi tatu kwa kila kichwa: loji, wilaya, Loji Kuu. Katibu wa loji anakusanya zote kwa pamoja kisha anagawa. Mwanachama asiyelipa anailetea loji deni, kwa sababu juu wanahesabu majina yaliyo kwenye daftari, hawahesabu waliolipa.

---

Sindano Moja

Kwa hiyo katibu ndiye anayekonda.

---

Bint Shamte

Siku zote, ndugu yangu.

Nimalizie la namba na tarehe ambalo wamelisahau. Mkuu, katika kumbukumbu zako hakuna aliyekosea.

Loji hufa. Kila baada ya muda London ilikuwa inaziba mapengo kwenye orodha ya namba kwa kuzisogeza zilizobaki zipande juu. Kuna kuhesabu upya kwa 1792, kwa 1814 baada ya muungano, kwa 1832 na kwa mwisho 1863. African Lodge niliyoitaja ilitoka 459 ikawa 370 mwaka 1792 bila kufanya lolote. Kwa hiyo loji ya miaka ya 1780 iliyo hai leo inaweza kabisa kuwa na namba nne au tano. Kwenye maandishi yako weka jina, mji na mwaka pamoja na namba. Namba peke yake kabla ya 1863 haina maana. Baada ya 1863 namba haibadiliki, na inakuwa kama namba ya gari: ukiona elfu tatu na kitu unajua ni ya miaka ya 1900 hivi, kama Harmony.

Tarehe mbili za jimbo: moja ni ya hati ya uteuzi, nyingine ni ya mkutano wa kwanza wa jimbo kufanyika. Kati ya hizo inaweza kupita miongo, kwa sababu ya wale mabwana wa kilemba. Majimbo yenyewe hupenda kusherehekea tarehe ya zamani zaidi. Kama unachunguza lini ngazi ya katikati ilianza kufanya kazi, fuata tarehe ya mkutano, kisha angalia kama upo mkutano wa mwaka uliofuata.

Chanzo kimoja ambacho wengi hawakigusi: Sheria ya Vyama Haramu ya mwaka 1799 iliwaachia Frimasoni waendelee kwa sharti kwamba kila loji ipeleke kila mwaka orodha ya wanachama kwa karani wa mahakama ya kaunti, jina, kazi na makazi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1967. Orodha nyingi zimo kwenye hifadhi za nyaraka za kaunti, na zinakuonyesha loji zilizokuwa hai hata pale ambapo mkuu wa jimbo hakuandika kitu. Ila usitumie ramani ya sasa ya utawala kutafutia. Udugu huu una majimbo 47 nje ya London na mipaka yake ni ya kaunti za zamani: Yorkshire bado ina majimbo mawili yenye majina ambayo serikali iliyaacha mwaka 1974. London yenyewe haikuwa na mkuu wake wa kikanda, Loji Kuu iliisimamia moja kwa moja, hadi Oktoba 2003.

---

Mchunguzi wa Kale

Kumbe jiji lilipoanzia ndilo lililopata mkuu mwisho. Asanteni wakuu. Naanza na orodha za 1799 za Lancashire, nikikwama kusoma mwandiko wa makarani nitarudi hapahapa.